Kamera Inayogeuka: Inaona Wapi na Haioni Wapi

Ukifika Karatu mjini siku hizi, inua macho kidogo. Kwenye kuta za benki, vituo vya mafuta na hoteli za watalii utaona vitu vidogo vinavyokutazama. Ni kamera za ulinzi, ambazo wengi huziita CCTV. Nyingi zimekazwa ukutani na hazitikisiki. Hutazama mahali pamoja mchana na usiku.

Lakini zipo nyingine zenye kichwa cha mviringo, kama bakuli lililogeuzwa. Ndani ya kichwa hicho lipo jicho linalotembea. Linageuka kushoto, linageuka kulia. Linainama, linainuka. Mtu akiliona kwa mara ya kwanza hushtuka. Husema, "Kitu hiki kina uhai!"

Hakina uhai. Kina mota mbili, mkanda, meno na waya. Mtu anayejua baiskeli au mashine ya kusaga anaweza kukielewa chote.

Na ni lazima tukielewe, kwa sababu kamera hizi hazibaki mjini. Chama cha ushirika chenye ghala la mbaazi au la vitunguu kinaweza kufuatwa na muuzaji. SACCOS nayo inaweza kufuatwa. Muuzaji atasema, "Nunueni hii moja inayogeuka. Itaona eneo lote." Fedha atakayolipwa ni ya wanachama. Je, neno lake ni kweli?

Ni kweli nusu. Kamera inayogeuka inaweza kuona kila upande, lakini siyo kwa wakati mmoja. Leo tutaeleza sababu yake, hatua kwa hatua.

KAZI TATU

Tuanze Ngorongoro. Ukishapita lango la Lodoare na kupanda hadi ukingoni, unasimama juu kabisa. Sakafu ya kreta iko chini yako kwa karibu mita 600. Sakafu hiyo ina eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Huwezi kuyaona yote kwa kutazama mara moja. Unafanya nini?

Kwanza, unageuza shingo. Unaanza upande wa msitu wa Lerai, unapita Ziwa Magadi, unafika upande wa chemchemi ya Ngoitokitok. Hiyo ni kazi ya kwanza ya kamera: kugeuka pembeni.

Pili, unashusha kidevu utazame karibu, kisha unakiinua utazame ukingo wa mbali. Hiyo ni kazi ya pili: kuinama na kuinuka.

Tatu, ukiona kitu cheusi kwa mbali, unachukua darubini. Je, ni nyati au ni faru? Darubini inakivuta karibu. Hiyo ni kazi ya tatu: kukuza. Ndani ya kamera, vioo vya lenzi vinasogea mbele na nyuma ili picha ikue.

Hebu angalia jambo moja. Ukiwa umeweka darubini machoni, unamwona yule faru vizuri sana. Lakini mwenzako akipita pembeni yako humwoni. Kadiri unavyokuza, ndivyo unavyoona sehemu ndogo. Kamera ni vivyo hivyo. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

MUUGUZI WA NEW YORK

Wazo la kuisogeza kamera kwa mota ili kulinda nyumba si geni. Mwaka 1966, muuguzi mmoja wa mjini New York, Marekani, aliomba hati ya ubunifu wake. Jina lake ni Marie Van Brittan Brown. Aliomba pamoja na mume wake, Albert. Saa zao za kazi zilikuwa tofauti, na mara nyingi mama huyo alikuwa peke yake nyumbani. Aliogopa kufungua mlango bila kujua nani anabisha.

Basi alibuni mlango wenye matundu manne, moja juu ya jingine. Nyuma ya mlango kulikuwa na kamera iliyopanda na kushuka kwa nguvu ya mota. Tundu la juu lilikuwa la mtu mrefu, la chini la mtoto. Picha ilionekana kwenye televisheni chumbani. Hati ilitolewa mwezi Desemba 1969.

Angalieni kwamba tatizo lake lilikuwa lile lile. Jicho ni moja, na mahali pa kutazama ni pengi. Dawa yake ilikuwa kulihamisha jicho.

MOTA INAYOKWENDA KWA HATUA

Sasa tufungue kile kichwa cha mviringo. Tunakuta mota mbili. Moja ni ya kugeuza pembeni, nyingine ni ya kuinamisha na kuinua.

Mota ya mashine ya kusaga huzunguka mfululizo. Ukiwasha inakwenda, ukizima inasimama popote pale. Mota ya namna hiyo ingekuwa taabu kwenye kamera, maana tunataka jicho lisimame mahali hasa tunapotaka. Kwa hiyo kamera nyingi hutumia mota inayokwenda kwa hatua.

Mfikirie ndama katikati ya zizi. Watoto wanne wamesimama pande nne, kila mmoja na majani mabichi mkononi. Mtoto wa kwanza akiita, ndama anageukia kwake. Akinyamaza na wa pili akaita, ndama anamgeukia wa pili. Kisha wa tatu, kisha wa nne. Wakiita kwa zamu, ndama atazunguka mzunguko mzima. Wakiita kwa kurudi nyuma, naye atarudi nyuma. Akiita mtoto mmoja tu bila kuacha, ndama atasimama akimtazama huyo huyo.

Ndani ya mota, ndama ni sumaku iliyo katikati. Watoto ni waya zilizosokotwa pembeni. Umeme ukipita katika waya, waya nayo inakuwa sumaku na kuvuta. Umeme ukihamia waya inayofuata, mvuto unahama. Kila uhamisho ni hatua moja.

Mota ya aina iliyoenea ina hatua 200 katika mzunguko mmoja. Duara zima lina nyuzi 360. Gawa 360 kwa 200, utapata nyuzi 1.8 kwa kila hatua.

MKANDA NA MENO

Mota yenyewe ni ndogo na ina haraka. Kichwa cha kamera kina uzito. Kwa hiyo mota haishiki kichwa moja kwa moja. Katikati huwekwa mkanda wenye meno, au magurudumu ya meno yanayoumana, yaani gia.

Mwendesha baiskeli yenye gia anajua habari hii. Akifika mlimani, kama ule wa kupanda kutoka Mto wa Mbu, anabadili gia. Miguu inazunguka mara nyingi, gurudumu linakwenda polepole, lakini nguvu inaongezeka. Amebadilisha haraka kuwa nguvu. Kamera inafanya hivyo hivyo.

Tupige hesabu. Tuseme gurudumu la mota lina meno 20. Gurudumu la shingo ya kamera lina meno 100. Gawa 100 kwa 20, utapata 5. Maana yake mota itazunguka mara 5 ili shingo izunguke mara 1. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Basi 200 mara 5 ni hatua 1,000. Shingo itamaliza duara kwa hatua 1,000.

Je, hatua moja ni kubwa kiasi gani kule mbali? Chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 100, kamera ikiwa katikati. Mzingo wa duara hilo ni mita 628 hivi. Gawa kwa 1,000. Kila hatua ya shingo inahamisha jicho kwa sentimita 63 hivi kwa umbali wa mita 100. Hiyo ni kama hatua moja ya mtu anayetembea.

Sentimita 63 ni ruko kubwa, hasa kama picha imekuzwa. Picha ingerukaruka kama gari barabara ya mawe. Kwa hiyo mafundi hugawa umeme kwa ujanja. Hawauhamishi wote kwa mara moja. Huupunguza waya huu na kuuongeza waya ule, kidogo kidogo. Ni kama watoto wawili wanaoita pamoja, na ndama akatazama katikati yao. Hatua moja ikigawanywa mara 16, ruko linabaki sentimita 4 hivi. Picha sasa inatembea taratibu.

KWA NINI KICHWA HAKIANGUKI?

Kugeuka pembeni ni kazi nyepesi, maana kichwa hakipandi mlima. Kuinama na kuinuka ni kazi nyingine. Pale uzito unavuta chini. Umeme ukikatika usiku, mbona kichwa hakilegei na kutazama ardhi kama mtu aliyesinzia?

Kuna njia mbili za kukizuia. Ya kwanza ni mizani. Fundi anaweka kichwa katikati ya ekseli, ili uzito wa mbele uwe sawa na wa nyuma. Ni kama ndoo mbili za maji kwenye mti begani. Zikiwa sawa, mti hauinami.

Ya pili ni parafujo. Umewahi kuona mpiga gitaa akikaza waya? Anazungusha sikio dogo kwenye kichwa cha gitaa, na waya inakazika. Akiachia, waya haifyatuki. Sikio linaweza kuvuta waya, lakini waya haiwezi kulizungusha sikio. Siri ni kwamba sikio limeungwa na parafujo, na meno ya parafujo yanasukuma gurudumu la meno. Kamera nyingine zina mtambo huo huo. Mota inaweza kukiinamisha kichwa, lakini uzito wa kichwa, au upepo, hauwezi kuizungusha mota.

MBUZI NA KAMBA YAKE

Mfunge mbuzi kwenye mti kwa kamba. Akizunguka mti mara moja, kamba inafupika. Akizunguka mara tano, shingo yake imefika kwenye gogo. Kamera ina tatizo hilo hilo. Waya za umeme na za picha zinapita shingoni. Ikizunguka upande mmoja bila kurudi, waya zitajisokota na kukatika.

Kamera za bei ndogo hutatua hivi: haziruhusiwi kumaliza duara. Zikikaribia mwisho zinagonga kizuizi. Lazima zirudi nyuma njia yote. Sasa fikiri mwizi amepita pale penye mwisho. Kamera haiwezi kuendelea kumfuata. Itazunguka kinyume kwanza, na wakati huo haimwoni.

Kamera za bei kubwa zina pete za shaba shingoni. Juu ya kila pete kuna kidole cha chuma, au brashi, kinachogusa bila kushikamana. Pete inazunguka, kidole kimetulia, umeme unapita. Ni kama ile pingili ya mnyororo inayojizungusha yenyewe ili mnyama asijisokote. Kamera hiyo inaweza kuzunguka siku nzima upande mmoja. Lakini pete na vidole vinasuguana, na kila kinachosuguana huisha.

INAJUAJE ILIPO?

Hapa ndipo wengi hushangaa. Mlinzi anabonyeza namba 3 na kamera inageukia mlango wa ghala. Anabonyeza namba 4, inageukia geti. Imejuaje?

Inahesabu. Mtu anayeamka usiku gizani anajua kwamba kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua sita. Haoni, lakini anahesabu. Kamera nayo imekariri kwamba mlango wa ghala ni hatua 420 kutoka mwanzo, na geti ni hatua 790.

Lakini mwanzo ni wapi? Ndiyo maana kamera inapowashwa hufanya vituko. Inageuka huku na huku, inainama, inainuka, halafu inatulia. Haijaharibika. Inautafuta mwanzo wake. Ipo swichi ndogo, au taa ndogo yenye jicho, mahali maalum ndani ya shingo. Ikifika hapo inasema, "Hapa ni sifuri." Kisha inaanza kuhesabu upya. Umeme ukikatika na kurudi, itafanya hivyo tena.

Kutokana na jambo hili tunapata onyo. Usiigeuze kamera kwa mkono. Anayeifuta vumbi akiisukuma, kamera nyingi hazitajua kwamba zimesukumwa. Hesabu itapotea. Mlinzi atabonyeza namba ya geti, na kamera itatazama ukuta huku ikiamini inatazama geti. Pia meno yanaweza kuvunjika. Hesabu ikipotea, dawa yake ni kuizima na kuiwasha, itafute mwanzo tena.

AMRI INAFIKAJE?

Mlinzi amekaa chumbani mbele ya televisheni. Mkononi ana kifimbo. Akikisukuma kushoto, kamera iliyo juu ya nguzo inageuka kushoto. Katikati yao kuna waya, au siku hizi mtandao.

Kinachopita ni namba. Utaratibu mmoja wa zamani unaotumika hadi leo unaitwa Pelco-D. Kila amri yake ina namba saba tu. Ya kwanza inasema, "Sikilizeni, amri inakuja." Ya pili ni anwani, maana waya mmoja unaweza kuwa na kamera nyingi. Kamera isiyotajwa inanyamaza. Ya tatu na ya nne zinataja kazi: geuka kushoto, inama, kuza. Ya tano na ya sita kwa kawaida zinataja mwendo: polepole au haraka.

Na ya saba? Hiyo ni hundi. Ni kama karani wa ghala anayeandika jumla ya magunia chini ya karatasi. Anayepokea anajumlisha mwenyewe. Jumla zikilingana, anapokea mzigo. Zisipolingana, anajua njiani pametokea hitilafu, na anakataa. Kamera pia inajumlisha. Amri iliyoharibika njiani haitekelezwi.

PALE ISIPOONA

Sasa tumefika kwenye kiini cha habari yetu.

Mara nyingi hakuna mlinzi wa kushika kifimbo usiku kucha. Kwa hiyo kamera hupangiwa doria. Tuseme chama kina eneo lenye mahali panne: geti, mlango wa ghala, ofisi na uzio wa nyuma. Kamera inakaa sekunde 15 kila mahali, kisha inahamia pengine. Duru nzima ni dakika 1.

Muuzaji atasema, "Mnaona? Pote panne panalindwa na kamera moja." Sisi tupige hesabu. Katika kila dakika, mlango wa ghala unatazamwa sekunde 15. Sekunde 45 hautazamwi. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida, katika sekunde 45, anakwenda zaidi ya mita 60. Anaweza kuvuka uwanja, kufika mlangoni na kujibanza pembeni, na picha yake isiwepo popote.

Tena kamera inayogeuka inajitangaza. Mwizi mwenye subira anakaa gizani akiihesabu. Ikimpa kisogo, anaingia. Kwa sababu hii kamera nyingi hufunikwa na kioo cheusi, ili mtu wa nje asijue jicho linatazama wapi. Kile kioo siyo pambo.

Kuna mahali pengine pagumu: chini ya kamera yenyewe. Simama uwanjani ufuate ndege anayeruka kuja kwako. Unainua kichwa, unainua, hadi akifika utosini shingo inakwama. Lazima ugeuze mwili wote ndipo uendelee kumwona. Kamera iliyo juu ya nguzo hupata shida hiyo mtu akipita chini yake. Inainama mpaka mwisho, halafu inabidi shingo izunguke nusu duara kwa haraka ili imkute upande wa pili.

Na lile jambo la darubini mnalikumbuka? Kamera iliyokuza uso wa mtu getini haioni kitu kingine chochote. Wenzake wawili wanaweza kuruka uzio wakati huo.

KAMERA INAONA, MTU ANAKAMATA

Tutoke ghalani, tutazame kazi kubwa zaidi. Faru wa Ngorongoro walikuwa zaidi ya 100 katika miaka ya 1960. Majangili wakawaua. Katika miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 20. Waliobaki walinusurika kwa sababu watu waliwalinda usiku na mchana, wakiwatambua mmoja mmoja kwa jina. Faru Fausta, aliyekuwa maarufu kwa umri wake, alikufa kwa uzee tarehe 27 Desemba 2019, akiwa na miaka 57. Hakufa kwa risasi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana la kutufundisha. Mwaka 2016, askari wa wanyamapori katika Maasai Mara walianza kutumia kamera za joto kwa msaada wa shirika la WWF. Kamera ya joto haihitaji mwanga. Inaona joto la mwili, hata usiku wa giza. Ilifungwa juu ya gari, na askari aliye ndani aliigeuza kutafuta majangili. Akiwaona, aliwaelekeza kwa redio wenzake waliokuwa nje. Wale waliokuwa nje ndio waliotembea, wakazingira, wakakamata. Jicho lilikuwa la mashine, lakini miguu na mikono vilikuwa vya watu.

Nyumbani Tanzania, mkoani Manyara, upo ukuta unaozunguka migodi ya tanzanite ya Mererani. Ulizinduliwa tarehe 6 Aprili 2018. Una urefu wa kilomita 24.5. Kamera zimefungwa, lakini getini bado wapo watu wanaokagua. Hakuna aliyesema, "Sasa tuna kamera, walinzi waende nyumbani."

KABLA CHAMA HAKIJANUNUA

Ndugu wanachama, tukikaa mkutanoni kujadili jambo hili, tuzingatie haya.

Moja. Mahali pa lazima pawekewe kamera isiyogeuka. Geti na mlango wa ghala vinataka jicho lisiloondoka. Kamera ya namna hiyo kwa kawaida ni ya bei nafuu, na haina meno ya kuisha.

Mbili. Kamera inayogeuka ifungwe kwa ajili ya uwanja mpana, na awepo mtu wa kuiongoza. Ikikosa mtu, faida yake kubwa inapotea.

Tatu. Tusome maandishi kwenye boksi. Tutafute herufi IP na namba mbili baada yake, kwa mfano IP66. Namba ya kwanza ni ya vumbi: 6 maana yake vumbi haliingii. Namba ya pili ni ya maji: 6 maana yake inastahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi likiingia kwenye meno, linasaga kama msasa. Huku juu ukingoni mwa Ngorongoro adui ni ukungu na unyevu.

Nne. Tumwulize muuzaji: Je, inazunguka duara zima, au inagonga mwisho na kurudi? Mota ikifa, kifaa kinapatikana wapi? Fundi ni nani? Akijibu kwa kucheka tu, tusilipe.

Tano. Tukumbuke umeme. Kamera inayogeuka hula umeme zaidi kuliko iliyotulia, maana mota zinataka chakula chao. Kama tunatumia umeme wa jua, betri ipimwe kwa hesabu hiyo. Radi nayo inapenda nguzo ndefu, kwa hiyo waya wa kwenda ardhini ni wa lazima.

Sita. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini bila kusukuma kichwa. Buibui hupenda kutanda utando mbele ya kamera. Usiku utando huo unang'aa na kufunika picha yote.

Saba. Uchaguliwe mtu wa kutazama picha zilizorekodiwa, na mwingine wa kumkagua. Kamera isiyotazamwa na mtu ni sawa na daftari la fedha lisilokaguliwa.

UA WA JIRANI

Jambo la mwisho ni la heshima. Kamera isiyogeuka inatazama pale ilipoelekezwa. Kamera inayogeuka inaweza kutazama uani kwa jirani, mama anapooga mtoto au wasichana wanapofua. Inaweza hata kukuza dirisha lake. Huo si ulinzi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Siyo mali ya kuchezewa wala kusambazwa kwenye simu. Kamera nyingi za kisasa zinaweza kupangiwa zifunike sehemu ya picha kwa kivuli cheusi, ili hata zikigeukia kwa jirani zisimwone. Tumdai fundi apange hivyo siku ile ile anayoifunga. Na kibao kiwekwe getini, kwa maandishi makubwa, kwamba hapa pana kamera.

Ndugu msomaji, sasa ukiliona lile jicho likigeuka, unajua kilichomo ndani: sumaku zinazoitana kama watoto na ndama, mkanda wenye meno, na hesabu ya hatua. Ni chombo kizuri, lakini kina jicho moja tu. Ukikiona kinatazama geti, jiulize mara moja: nani sasa hivi anatazama ghala?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kamera ina kazi gani tatu? Zieleze kwa kutumia shingo yako mwenyewe.

2. Gurudumu la mota lina meno 25 na la shingo lina meno 100. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Shingo itamaliza duara kwa hatua ngapi?

3. Kamera inafanya doria mahali 6, sekunde 10 kila mahali. Kila mahali panakaa sekunde ngapi bila kutazamwa katika dakika moja?

4. Kwa nini hatupaswi kuigeuza kamera kwa mkono?

5. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panahitaji jicho lisiloondoka? Nani angefaa kuwa mlinzi wake, na nani angemkagua?